Futi Sabini na Mbili za Uso wa Nabor

Jumanne saa tatu asubuhi Hermila Barrientos alikabidhiwa orodha ya kukatia filamu, na kabla hajafika ukurasa wa pili alishajua kwamba mumewe ametupwa jalalani.

Orodha yenyewe haikuwa na picha wala majina ya watu. Ilikuwa namba tupu. Negativu, yaani ile filamu ya kwanza kabisa iliyopita ndani ya kamera, ina namba ndogo pembeni, na mkataji huzisoma kama mwingine asomavyo gazeti. Kata hapa. Kata pale. Unga na inayofuata. Hermila alikuwa na miaka thelathini na moja katika kazi hiyo, glavu za pamba mikononi, mkasi kulia, gundi kushoto, katika chumba cha wanawake watano wanaofanya kazi kimya. Picha ya negativu haina sauti. Sauti hukatwa chumba kingine na watu wengine. Aliwajua waigizaji wote wa Meksiko, lakini aliwajua kinyumenyume: nywele nyeusi zimekuwa nyeupe, nyuso zimekuwa nyeusi, na machozi yanateremka kama lami.

Filamu iliyokuwa inatengenezwa iliitwa Miaka Thelathini ya Kutetemeka. Magazeti yalisema ni sherehe. Vipande vya kutisha kutoka filamu ishirini na nne za zamani, wanyonya damu, wachawi, maiti zinazotembea, wanawake wanaopiga mayowe ngazini, vyote vimeungwa pamoja, na katikati yake ameketi mwenye mali, Lisensiado Ugarteche, nyuma ya meza kubwa, akimsifu marehemu baba yake aliyezitengeneza. Kila mwenye tai Meksiko huitwa lisensiado, awe amesoma sheria au hakusoma. Huyu alikuwa amesoma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kazi ya namna hiyo ina utaratibu wake. Kwanza unatengeneza nakala ya negativu, kisha unaikata nakala. Ile ya asili haiguswi, kwa sababu kila unapokata na kuunga unapoteza picha moja upande huu na moja upande ule, na kilichokatwa hakirudi. Lisensiado alikataa nakala. Alisema inachelewesha. Basi tangu mwezi uliopita Hermila na wenzake walikuwa wanazikata filamu zenyewe, moja baada ya nyingine, wanatoa dakika mbili za mayowe na kuacha saa nzima na nusu ya mabaki ambayo hayana maana tena. Chini ya kila ukurasa wa orodha palikuwa na mstari uleule umepigwa taipu: mabaki yote yaende kwa wanunuzi wa madini. Filamu ya nyeusi na nyeupe ina madini ya fedha ndani yake. Watu huja na gari, wanapima kwa kilo, wanailoweka kwenye dawa, fedha inatoka na watu wote waliokuwa humo wanakwenda na maji machafu.

Filamu ya ishirini kukatwa, ile ya orodha ya Jumanne hiyo, ilikuwa Mkazi wa Kisima, ya mwaka hamsini na saba. Humo Nabor Quezada, mume wa Hermila, alikuwa zimwi. Alikuwa zimwi katika filamu kumi na nne, na katika kumi na tatu hakuna aliyemwona, kwa sababu alikuwa ndani ya mpira na manyoya. Katika hii moja tu, mwishoni, mvua inanyesha, tope linamtoka kichwani, na chini ya tope kuna mtu. Kwa dakika nne na sekunde kumi Nabor analia na kusema kwa uso wake mwenyewe. Uso huo ulikuwa katika mkebe wa tisa, wa mwisho kati ya mikebe iliyobeba filamu hiyo. Nakala zote zilizokuwa zinazungushwa kwenye kumbi zilikuwa zimekwisha kwa kuchakaa, na mkebe huo ndio uliobaki peke yake duniani.

Namba za orodha zilikuwa za mkebe wa tatu, pale zimwi linapotoka kisimani na kumshika msichana mguu. Kwa mkebe wa tisa hapakuwa na namba hata moja.

*

Jioni alipofika nyumbani alimkuta Nabor amesimama kwenye kiti uani, na jirani yao Chona amepiga magoti chini yake akikunja pindo la suruali. Suti ilikuwa ya mume wa Chona, mfanyakazi wa posta, mtu mrefu kupita kiasi. Nyumba zao zilikuwa kumi na mbili kuzunguka ua mmoja wenye bomba moja, na watu wa nyumba zote walikuwa wameshasikia habari. Barua ilikuwa imefika wiki iliyopita ikimwalika maestro Nabor Quezada, yaani bingwa wa fani yake, kwenye uzinduzi, Jumamosi saa kumi na moja jioni, kama mgeni wa heshima. Nabor alikuwa ameizungusha mlango kwa mlango mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Chona alimuuliza kama akishakuwa mkubwa atawakumbuka.

"Nilikuwa mkubwa kabla wewe hujaota meno," Nabor akamjibu. "Tatizo nilikuwa ndani ya mpira."

Watu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akashuka kitini akiwa ameshika kifua. Gundi ya kubandikia vinyago ilikuwa imemwachia kikohozi hicho, na ngozi ya shingoni nyekundu kama ya kuku aliyenyonyolewa. Pumzi ilipomrudia akaendelea kuwaeleza wanawake wa uani jinsi mvua ile ilivyotoka kwenye mpira wa zimamoto, jinsi maji yalivyokuwa baridi, na jinsi mtu wa kamera mwenyewe alivyofuta macho. Watamwona, alisema. Chona amlete na mama yake, maana mama huyo aliwahi kumwita Nabor mwongo.

Hermila alipita na kikapu chake akaingia jikoni.

*

Kesho yake aliomba ruhusa akaenda ofisini kwa Lisensiado. Karani alimweka kwenye benchi karibu na mlango wa choo tangu saa nne hadi saa saba. Mara mbili aliulizwa kama amekuja kuhusu usafi.

Lisensiado alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano hivi, mwenye mikono laini, na hakuwa mkali. Alimwambia aketi. Akamuuliza kama yeye ndiye mama wa mkasi.

"Mimi ni Hermila Barrientos. Nakata negativu."

"Ndiyo, mama wa mkasi. Sema, mama."

Hermila alisema aliyokuja nayo. Kwamba Mkazi wa Kisima haina nakala nyingine. Kwamba ikitolewa nakala kwanza, kazi itachelewa wiki tatu tu, na filamu itabaki nzima. Lisensiado akamwonyesha kalenda ukutani. Waziri anakuja Jumamosi, alisema, na waziri hangoji wiki tatu kwa ajili ya zimwi.

"Basi mkebe wa tisa usiuzwe," Hermila akasema. "Nipe mimi."

"Una nini mkebe wa tisa?"

"Mume wangu."

Lisensiado alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu aliyekumbushwa mchezo wa utotoni. Alisema anakikumbuka kipande hicho, alikuwa mdogo na kilimchosha. Zimwi linalia dakika nne nzima. Baba yake alikuwa na udhaifu huo, kila zimwi lazima lihubiri.

"Watu hawalipi kiingilio wakamwone mzee analia, mama. Wanalipa waogope."

"Hakuwa mzee. Alikuwa na miaka thelathini na tisa."

"Mabaki yana mkataba," Lisensiado akasema. "Nikikupa wewe mkebe, kesho mjane wa nani sijui atakuja kudai wake. Umebakiza miezi mingapi kustaafu?"

"Saba."

"Saba si mingi. Kata vizuri."

Akampa mkono. Hermila aliushika, na baadaye, barabarani, kuushika kwake ndiko kulikomchoma kuliko benchi la chooni.

*

Jioni hiyo alimwambia Nabor jikoni, akiwa amempa mgongo, akiponda maharage kwenye kikaango. Alisema wamechukua kisima na mguu wa msichana. Uso hawakuuchukua.

Nabor alikuwa anapasha chapati za mahindi juu ya moto. Aligeuza moja, akageuza ya pili.

"Umesoma vibaya," akasema.

"Miaka thelathini na moja sijasoma vibaya."

"Basi umesoma vizuri ukafurahi."

Hermila aliacha kuponda. Nabor akaendelea, kwa sababu mtu akishaanza kuanguka haachi katikati. Alisema mke wake hakuupenda uigizaji wake tangu mwanzo, kwamba wakataji ni watu wanaoangalia wenzao wakiishi, tena na glavu mikononi. Barua imesema mgeni wa heshima. Nani anauheshimu mguu? Lisensiado alimjua yeye tangu yuko kaptula, Nabor mwenyewe alimpakata kwenye seti za filamu, hawezi kumfanyia hivyo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

"Hili limebakiza nini?" Hermila akauliza. "Masikio?"

"Nitakwenda mwenyewe nimuulize."

"Nenda. Wewe ukipigwa kofi unauliza kama mkono umeumia."

Alitaka kumweleza habari ya madini na kilo, lakini Nabor alishachukua sahani yake akatoka kwenda kula uani. Watoto wa majirani walikuwa huko, na hao walimwamini.

Alhamisi asubuhi Nabor alinyoa mara mbili, akavaa suti ya posta, akaenda. Alirudi saa tisa alasiri amekumbatia mfuko mkubwa wa karatasi. Aliuweka juu ya meza wanayolia chakula akautoa mzigo. Kilikuwa kichwa cha zimwi, kipya, cha mpira, kinanuka kama duka la matairi. Lisensiado alikuwa amekitengenezesha mahsusi.

"Nitasimama mlangoni," Nabor akasema. "Wageni wakiingia ninawatisha kidogo. Waziri anapenda mambo hayo."

"Na uso?"

Nabor alikikuna kichwa kile cha mpira kama mtu anayemkuna mbwa.

"Sikuuliza," akasema. "Alinikalisha kwenye kiti cha ngozi. Akaniita maestro mara nne, nimehesabu. Akaleta kahawa na mkate wa sukari. Nikasema moyoni, nitauliza kahawa ikiisha. Kahawa ikaisha, nikajikuta niko barabarani na mfuko."

Hermila alimtazama. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, mengine makali sana, na yote yalikuwa ya kweli. Nabor alikuwa ameketi na suti ya watu, pindo la suruali limeshaanza kufumuka, na hakuinua macho.

"Toa kichwa hicho mezani," Hermila akasema.

Nabor akakitoa akakiweka kitandani.

*

Ijumaa alifika kazini kabla ya wenzake. Aliwasha meza ya taa, akafungua mkebe wa tisa.

Nabor alikuwa mle, mweusi, nywele nyeupe, kijana. Mvua ilikuwa mistari myeusi. Hermila aliupitisha mkanda chini ya vidole vyake taratibu, futi baada ya futi, na kadiri alivyoupitisha hasira ilimtulia, ikawa hasira ya kufanyia kazi. Kuiba haikufaa. Mlinzi wa geti alikuwa anafungua kila mkoba, na hata ukipita, mkanda kabatini ni mkanda kabatini. Nabor hakutaka kuwekwa. Alitaka kuonekana.

Akarudi kwenye orodha. Sauti ya filamu nzima ilikuwa imeshakatwa katika kile chumba kingine na imefungwa. Akizidisha au akipunguza picha moja tu, kila mdomo baada ya hapo utasema kabla au baada ya maneno yake, na kazi yote itarudishwa. Akitoa kipande, lazima aweke kingine cha urefu uleule kabisa. Alipitia vipande vyote vya wanyonya damu na wachawi. Hivyo vilikuwa jasho la watu kama Nabor, na hakuwa na haki ya kumtoa maskini mmoja amweke mwingine. Kilibaki kimoja: Lisensiado nyuma ya meza. Sekunde arobaini na nane. Futi sabini na mbili.

Alichokuwa anakisema Lisensiado pale Hermila hakukijua. Kwake alikuwa mtu mweusi mwenye meno meusi anayefungua na kufunga mdomo. Alijua tu kwamba sauti hiyo itabaki palepale, na kwamba Nabor atasema kwa mdomo wake maneno ya mwingine. Hilo lilimuuma. Lakini aliona afadhali mtu aonekane bila sauti kuliko asikike na asionekane, au asiwepo kabisa.

Ugumu ulikuwa wa kuchagua. Uso wa Nabor ulikuwa futi mia tatu sabini na tano, na nafasi ilikuwa futi sabini na mbili. Alianza pale tope linapoacha paji la uso. Aliishia pale anapofunga mdomo na kutazama mbele. Akakata. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna namba iliyomwambia. Mkono ulikuwa wake. Zilizobaki, futi mia tatu na zaidi za mumewe, alizikunja akazitia kwenye gunia pamoja na mabaki mengine, na saa kumi watu wa madini walikuja, wakapima, wakaondoka.

Kabla ya filamu kuingia kwenye mashine ya kuchapa, kila kiungo hukaguliwa na mkuu wa karakana. Huyo alikuwa Pioquinto, aliyemsimamia binti yao kwenye ubatizo, na kwa hiyo wao kwa wao waliitana kompadre na komadre. Pioquinto aliinama na lenzi yake juu ya meza ya taa, akapita kiungo kwa kiungo. Alipofika pale akaacha kusogeza lenzi.

"Komadre," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu si Lisensiado."

"Si yeye."

Wanawake wengine wanne waliendelea na mikasi yao, ingawa hakuna aliyekuwa anakata kitu.

"Leo nimevaa miwani ya mke wangu," Pioquinto akasema. "Sioni hata pua yangu." Akaandika sahihi yake kwenye karatasi ya ukaguzi. "Jumatatu hatuna kazi, mimi na wewe."

"Sema hukuona."

"Si nimeshasema?"

Nakala ilitoka kwenye mashine Jumamosi mchana, ingali na joto, ikapelekwa ukumbini kwa teksi.

*

Nabor alisimama mlangoni tangu saa kumi. Walimvalisha mwili wa mpira na kichwa, wakabandika kichwa na mwili shingoni kwa gundi ili watoto wa wakubwa wasikivute. Watoto walikivuta. Bibi mmoja aliyevaa manyoya ya sungura alimpiga kwa upepeo wake akacheka, akataka kumpiga tena kwa ajili ya picha. Nabor alitisha kila aliyetaka kutishwa. Waziri alipofika Lisensiado alimwambia kwamba huyu ndani ni mtu wa zamani wa nyumba yao, mwaminifu, na waziri akaligonga zimwi kifuani kama anayegonga pipa kusikia kama lina maji.

Amri ilikuwa kwamba zimwi lisiingie ukumbini. Libaki nje hadi mwisho, liwaage wageni. Hermila alipewa kiti mstari wa ishirini na nane, nyuma ya nguzo, na suti ya posta ilikuwa imekunjwa mapajani mwake.

Filamu ilianza. Watu walipiga mayowe, wakacheka mayowe yao, wakapiga mengine. Kisima kilipita mapema: mkono wa mpira, mguu, basi. Sekunde kumi na moja. Hermila hakutazama sana, alikuwa anahesabu vipande. Mwanamke wa ngazini alipotokea na mshumaa, akajua kipande hicho kikiisha ni zamu ya Nabor. Akainuka, akawakanyaga watu miguu, akatoka.

Nabor alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na meza ya vinywaji. Mhudumu mmoja alikuwa anamnywesha maji kwa mrija kupitia meno ya mpira.

"Njoo," Hermila akasema akimshika kucha.

"Wamesema nisiingie."

"Nabor. Njoo."

Mwanamume wa mlangoni mwenye tochi alinyoosha mkono. Alisema zimwi haliruhusiwi, ni maagizo ya Lisensiado mwenyewe. Hermila alimwambia kwamba huyu si zimwi, huyu ni mume wake wa ndoa ya kanisani, na kwamba kama mkono huo hautashuka atauuma. Hakupandisha sauti. Mkono ukashuka.

Walisimama kwenye njia ya katikati, gizani, na uso wa Nabor ukatokea ukutani mkubwa kama nyumba.

Halafu ikaja sauti. Ilikuwa sauti ya Lisensiado, safi, ya mtu aliyelala vizuri, ikitoka kwenye mdomo wa zimwi linalolia mvuani. Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka kutoka mstari wa mbele hadi wa mwisho, wengine wakapiga viti, na walioliona zimwi la mpira limesimama katikati yao wakacheka zaidi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Hermila alikuwa amemtoa mumewe kwenye gunia ili watu wamcheke. Alitaka kumgeuza, kumtoa nje, lakini Nabor alikuwa mzito kama jiwe.

"Baba yangu," sauti ilisema, "aliwapenda watu wake kama watoto aliowazaa."

Maji yaliteremka kwenye paji la uso la Nabor, yakachukua tope, yakaingia machoni.

"Hakuna hata mmoja aliyemtumikia akaondoka mikono mitupu. Walipoumia, aliwatibu."

Shingo ilionekana sasa, na chini ya tope ngozi ilikuwa imebabuka kweli, kwa sababu wakati ule gundi ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya siku hizi. Kicheko kilipungua nyuma, kikaisha katikati. Mtu mmoja mbele aliendelea peke yake, akakisikia kicheko chake, akanyamaza.

"Walipozeeka hakuwasahau. Hatukuwasahau. Na kama mna shaka, waulizeni wenyewe."

Uso ulifunga mdomo ukatazama mbele, ukawatazama waziri na mkewe na bibi wa manyoya ya sungura, na ukabaki hivyo hadi futi ya sabini na mbili. Kisha filamu ikaendelea na kipande kilichofuata.

Lisensiado alikuwa ameshasimama. Alipanda njia ya katikati haraka, tabasamu likiwa bado usoni kwa ajili ya waliokuwa pembeni, na alipowafikia alisema kwa meno yaliyofungwa, "Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Hermila akasema. "Hesabu ukitaka. Hakuna futi iliyozidi."

"Huna kazi."

"Najua."

Nabor alikuwa anahangaika na kichwa chake. Alikivuta kwa kucha za mpira zisizoweza kushika kitu, na ndani yake alikuwa anasema jambo ambalo halikusikika. Hermila alipitisha vidole chini ya gundi akaivuta, akaivuta na ngozi, mpaka kichwa kikatoka. Watu wa viti vya karibu waligeuka. Walimwona mtu yuleyule wa ukutani, ameongezwa miaka ishirini na minne, shingo inatoka damu.

Mnong'ono ulikwenda mstari hadi mstari. Kule mbele waziri mwenyewe aligeuza kichwa. Lisensiado aliliona hilo, na sauti yake ikabadilika ikawa ile ya ofisini.

"Maestro," akasema, "haya ni mambo ya kuzungumza tukiwa tumekaa. Njoo Jumatatu."

Nabor alikohoa hadi pumzi ikarudi. Hermila alimngoja aseme ndiyo. Miaka yote alikuwa akisema ndiyo.

"Uso ule ni wangu," Nabor akasema. "Sauti ile si yangu. Mle ndani nilikuwa na maneno yangu, niliyasema mwenyewe, dakika nne. Yako wapi?"

Lisensiado alimtazama mtu wa tochi. Mtu wa tochi alitazama chini.

"Yako wapi, Lisensiado?"

"Mwambie," Hermila akasema.

Ukutani mwanamke alikuwa anapiga mayowe juu ya jeneza lililofunguka, kwa nguvu zake zote, na katika ukumbi mzima hakuna aliyemtazama.

"Mwambie ulivyoyapima kwa kilo."